Kabla ya Ndege Kuruka: Ukaguzi wa Dakika Chache Unaookoa Maisha

Abiria anayeshuka botini kwenye gati la Manda ili kupanda ndege ndogo mara nyingi humkuta rubani akiizunguka ndege peke yake. Anainama chini ya bawa, anachota mafuta kidogo kwa kikombe cha plastiki, kisha anakiinua kikombe kwenye mwanga. Anapapasa ukingo wa propela. Anapanda ngazi na kuchungulia juu ya bawa. Anakwenda nyuma, anaushika usukani wa mkia na kuusogeza taratibu huku na huku. Abiria mwenye haraka huanza kutazama saa.

Kazi hiyo ndiyo ukaguzi wa kabla ya safari. Kwa ndege ndogo huchukua dakika chache tu, lakini ndiyo nafasi ya mwisho ya kugundua kasoro ndege ikiwa bado chini. Kasoro ikigunduliwa uwanjani, hasara yake ni kuchelewa. Kasoro hiyo hiyo ikijitokeza futi 500 juu ya mikoko, inakuwa dharura.

Kwa wakazi wa Lamu jambo hili si geni. Ndege ndogo huleta wageni wanaotegemewa na biashara nyingi za visiwani, husafirisha wafanyakazi na wafanyabiashara, na wakati mwingine huwabeba wagonjwa wanaohitaji matibabu ya haraka mbali na hapa. Mbali na Manda, ndege za aina hiyo hutua pia katika viwanja vidogo kama vile Kiwayu na Kiunga, ambako hakuna mafundi wala wahudumu wengi wa kumsaidia rubani. Makala haya yanaeleza rubani hutafuta nini anapoizunguka ndege, makosa yapi hutokea, na abiria anaweza kufanya nini.

Kama nahodha na nguruzi

Wakazi wa pwani wanaijua desturi hii kwa jina jingine. Nahodha hatweki tanga kabla ya kuhakikisha nguruzi iko mahali pake, maji yamefuliwa na kamba hazijalika. Nguruzi ni kitu kidogo, lakini ikisahauliwa, jahazi zima linakwenda chini.

Tofauti ni kwamba chombo kikianza kuvuja, bado kuna muda wa kufua maji au kugeuza kuelekea ufukweni. Ndege ya injini moja ikizimika mara tu baada ya kupaa, muda huo haupo. Ndege ndogo ya kawaida yenye viti vinne, injini ikiwa imezimika, hushuka takriban futi 700 kwa dakika. Rubani aliye futi 500 hana hata dakika moja ya kutambua kilichotokea, kuchagua mahali pa kutua na kuiweka ndege chini.

Orodha iliyozaliwa na ajali

Zamani marubani walitegemea kumbukumbu. Mambo yalibadilika baada ya Oktoba 30, 1935. Siku hiyo, katika uwanja wa Wright Field karibu na mji wa Dayton, Ohio, nchini Marekani, ndege mpya ya majaribio ya kampuni ya Boeing, iliyojulikana kama Model 299, ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikapoteza mwendo na kuanguka. Meja Ployer Hill wa jeshi na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa kampuni, walifariki kutokana na majeraha.

Injini zote zilikuwa nzima. Uchunguzi ulionyesha kuwa kufuli inayozuia usukani kutikiswa na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikuwa imefunguliwa. Watu waliokuwa ndani walikuwa na uzoefu mkubwa, ila walisahau hatua moja. Kutokana na ajali hiyo, marubani wa jeshi walianza kutumia orodha iliyoandikwa: hatua moja baada ya nyingine, isomwe na kutekelezwa, hata na anayeijua kwa moyo. Orodha za aina hiyo ndizo zinazotumika leo katika ndege za ukubwa wowote.

Makosa yanayozaa dharura

Maji ndani ya mafuta. Lamu ni mahali pa unyevu mwingi. Tangi lisilojaa likilala nje usiku, hewa iliyomo ndani hupoa na kutoa matone ya maji kwenye kuta zake. Mfuniko wenye mpira uliochakaa nao huruhusu maji ya mvua kuingia. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, hutuama chini ya tangi, karibu na mahali mafuta yanapochukuliwa kwenda kwenye injini. Ndege inaweza kuwaka na kutembea uwanjani bila tatizo, kisha pua ikiinuliwa wakati wa kupaa maji yanasogea na kuingia kwenye injini, nayo inazimika wakati inapohitajika zaidi.

Ndiyo sababu rubani huchota mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya kila tangi. Ndege za kisasa za Cessna 172 zina matundu 13 ya kuchotea, na kila moja linapaswa kukaguliwa. Mafuta yenye maji huonyesha mstari au matone yaliyotuama chini ya kikombe. Lakini hapo pana mtego: kikombe kikijaa maji matupu, mstari hauonekani, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani ni mafuta safi. Rubani makini haangalii mstari peke yake. Anaangalia rangi na kunusa.

Mafuta yasiyo ya ndege hiyo. Ndege ndogo hutumia aina mbili za mafuta. Zile zenye injini za pistoni, kama Cessna 172 na 206 za kawaida, hutumia petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Zile zenye injini za tabo, kama Cessna Caravan inayobeba abiria wengi katika viwanja vidogo vya Kenya, hutumia Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa. Jet A-1 ikitiwa kwenye injini ya pistoni, mabaki ya petroli kwenye mirija huiwezesha ndege kuwaka na hata kupaa. Petroli hiyo ikiisha, injini hupoteza nguvu.

Jambo hilo lilitokea Oktoba 2019 katika mji wa Kokomo, Indiana, nchini Marekani. Ndege ya injini mbili za pistoni ilitiwa mafuta ya jeti. Pua ya bomba haikuingia vizuri kwenye tundu, na mhudumu alilazimika kuiinamisha ili mafuta yapite. Ndege ilipaa, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani, aliyekuwa peke yake, alifariki. Wachunguzi walilitaja kosa la mhudumu aliyetia mafuta, lakini pia walitaja kuwa rubani hakusimamia kazi hiyo ipasavyo. Kusimama karibu na bomba na kusoma maandishi ya gari la mafuta ni sehemu ya ukaguzi.

Mfuniko wa tangi uliolegea. Katika ndege nyingi ndogo matangi yako ndani ya mabawa na mifuniko yake iko juu. Bawa huinua ndege kwa sababu hewa iliyo juu yake ina mgandamizo mdogo kuliko iliyo chini. Mgandamizo huo mdogo ndio unaofyonza mafuta nje ya tangi lisilofungwa vizuri. Rubani aliyeondoka na mafuta ya saa nne anaweza kujikuta hana hata ya saa mbili, ilhali hakuna kilichoharibika isipokuwa mfuniko uliosahauliwa baada ya kupima.

Wadudu na vifuniko. Mbele ya bawa au ubavuni mwa pua ya ndege kuna mrija mdogo unaopokea upepo na kuupa nguvu kipima mwendo. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda sana tundu la ukubwa huo. Mrija ukiziba, kipimo humwonyesha rubani mwendo usio wa kweli: anaweza kudhani ndege inakwenda kasi kumbe inakaribia kuanguka kwa kukosa mwendo. Ndege inapoegeshwa, mrija hufunikwa kwa kifuniko chenye utepe mwekundu unaoagiza kiondolewe kabla ya kuruka. Kusahau kukiweka kunamkaribisha nyigu, na kusahau kukiondoa kunaleta tatizo lile lile.

Hata ndege kubwa hazikusalimika. Februari 6, 1996, ndege aina ya Boeing 757 iliyoondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini dakika chache baada ya kupaa na kuua watu wote 189. Kipima mwendo cha rubani mkuu kilikuwa kikidanganya kwa sababu mrija wake uliziba, na wachunguzi waliona yaelekea ni kwa matope au uchafu wa mdudu. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini siku kadhaa kabla ya safari.

Juu ya bawa, pasipoonekana. Oktoba 10, 2001, ndege aina ya Cessna Caravan ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Dillingham, Alaska. Watu wote 10 walifariki. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilihitimisha kuwa juu ya mabawa kulikuwa na barafu ambayo rubani hakuigundua wakati wa ukaguzi. Bawa la Caravan liko juu ya vichwa vya watu, na aliye chini haoni upande wake wa juu. Baadaye marubani wa ndege hizo, katika hali ya hewa ya baridi, walitakiwa wasitosheke na macho bali wapapase bawa kwa mkono.

Lamu hakuna barafu, lakini ngazi bado ina kazi. Mfuniko uliolegea, kiota cha ndege wa angani au bati lililoanza kuliwa na kutu ya chumvi, vyote havionekani kutoka chini.

Mlango uliofunguka. Mlango wa abiria au wa mizigo ambao haukufungwa sawasawa unaweza kufunguka wakati wa kupaa. Hutokea kishindo, upepo unaingia, karatasi zinaruka, abiria wanapiga kelele. Katika ndege nyingi ndogo tukio hili peke yake haliangushi ndege. Hatari kubwa iko katika mshtuko: rubani akiacha kuendesha ili auvute mlango, anaweza kupoteza mwendo karibu na ardhi. Anachofundishwa ni kuendelea kuruka kama kawaida, azunguke na kutua, kisha aufunge mlango akiwa chini.

Kwa nini mtu mwenye ujuzi anakosea

Makosa haya hayawapati wanagenzi peke yao. Sababu ya kwanza ni kukatizwa. Rubani amefungua mfuniko wa oili, simu inalia, au abiria anauliza kama anaweza kubeba mkoba mmoja zaidi. Anajibu kwa adabu, anarudi kwenye ndege, lakini anaanzia hatua inayofuata. Mfuniko unabaki wazi, ilhali akilini mwake umefungwa.

Sababu ya pili ni mazoea. Mtu aliyekagua ndege ile ile mara mia na kuikuta nzima huanza kuona anachotarajia kuona, si kilichopo. Ya tatu ni kuaminiana kupita kiasi: fundi anadhani rubani ataangalia, rubani anadhani fundi amekwisha kuangalia. Ya nne ni haraka. Jua linakaribia kutua na kiwanja hakina taa, mawingu yanakusanyika, abiria wamechelewa kwa sababu ya maji kupwa, na kila mtu anataka kuondoka.

Dawa zake ni rahisi kuzitaja ingawa zinahitaji nidhamu. Rubani aliyekatizwa harudi alipodhani ameachia: anarudi nyuma hatua kadhaa au anaanza upya. Simu huwekwa kando. Orodha husomwa badala ya kukumbukwa. Na kabla ya kupanda, rubani husimama mbali kidogo na kuitazama ndege nzima kwa mara ya mwisho: vizuizi vya magurudumu vimeondolewa, chuma cha kuvutia ndege hakijaachwa kwenye gurudumu la mbele, vifuniko vyenye utepe mwekundu viko mkononi, milango na mifuniko yote imefungwa.

Ikitokea hewani

Kasoro ikipita ukaguzi na kujitokeza hewani, kanuni ya marubani ina mpangilio wa hatua tatu: kwanza iendeshe ndege, pili jua unakokwenda, tatu ndipo uzungumze na redio. Injini ikizimika, rubani hushusha pua kidogo ili ndege isipoteze mwendo, kwa sababu ndege ndogo bila injini bado inaweza kuelea hewani kwa umbali fulani. Ikizimika mara baada ya kupaa, kwa kawaida hutua mbele yake badala ya kujaribu kugeuka kurudi uwanjani. Kugeuka kwa ghafla karibu na ardhi, mwendo ukiwa mdogo, kumewaua wengi ambao pengine wangenusurika kwa kutua kwenye vichaka au majini.

Kwa abiria wa Lamu, kutua majini si jambo la kufikirika tu. Ndiyo maana maelezo ya usalama yanayotolewa kabla ya kuondoka yanafaa kusikilizwa kila mara, hata na anayesafiri kila wiki. Jaketi la kuokolea maisha halijazwi upepo ndani ya ndege. Hujazwa mtu akishatoka, kwa kuwa jaketi lililojaa linaweza kumnasa mtu kwenye dari maji yakiingia.

Abiria na wakazi wafanye nini

Usalama wa ndege ni jukumu la rubani na kampuni, lakini wakazi wana sehemu yao:

• Usimkatize rubani anapokagua ndege. Maswali kuhusu mizigo au picha ya kumbukumbu yasubiri hadi amalize.

• Usimshurutishe aondoke. Akisema safari imechelewa kwa sababu ya kasoro au hali ya hewa, huo ni uamuzi wa kushukuriwa.

• Taja uzito wa kweli wa mizigo, na mzigo wowote ulioongezwa dakika ya mwisho. Ndege ndogo huathirika sana na uzito na mahali unapowekwa.

• Ukiona jambo usilolielewa, sema. Mafuta yanayotiririka kutoka kwenye bawa, mlango usiofunga sawasawa au utepe mwekundu unaopepea ndege ikianza kuondoka ni mambo ya kumwambia rubani mara moja. Kuuliza si utovu wa adabu.

• Kaa mbali na propela hata kama haizunguki, na uiendee ndege kwa njia unayoelekezwa tu.

• Wanaoishi karibu na viwanja vidogo wawakataze watoto kuchezea ndege zilizoegeshwa, kuvuta tepe au kutia vijiti kwenye matundu. Mifugo isiachwe kwenye njia ya kurukia ndege, na takataka zisitupwe karibu kwa kuwa huvutia kunguru na ndege wengine.

• Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112. Waokoe watu kwanza ikiwa ni salama kukaribia. Usiondoe vipande vya ndege: kipande kidogo kama mfuniko wa tangi kinaweza kuwa ndicho kinachoeleza kilichotokea.

Nani anahusika na nini

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, usafiri wa anga ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, ndiyo inayotoa leseni za marubani, vyeti vya ndege na vibali vya kampuni. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, KAA, husimamia uwanja wa Manda. Ajali na matukio hatari huchunguzwa na idara ya taifa ya uchunguzi wa ajali za ndege. Uchunguzi wa aina hiyo haulengi kumtafuta wa kulaumiwa. Lengo lake ni kujua kilichotokea ili kisirudiwe.

Kaunti, kwa upande wake, ina wajibu katika zimamoto, kukabiliana na majanga na huduma za afya, pamoja na vivuko na gati ambazo wasafiri wengi hupitia. Mkazi mwenye malalamiko kuhusu usalama wa ndege anapaswa kuyawasilisha kwa KCAA. Akihitaji kuelekezwa, anaweza kuanzia kwenye ofisi ya wadi yake.

Wasafiri watakaposhuka tena kwenye gati la Manda na kumkuta rubani ameinua kikombe cha mafuta kwenye mwanga, safari itachelewa kidogo. Wampe nafasi amalize kazi yake.